Msimu wa Ulaya wa raga ya wachezaji saba: angalia tiketi kabla ya jedwali

Mleta uzi ameuliza mambo mawili ambayo kwa kweli ni moja. Wanawake wa Poland walitwaa ubingwa wa Ulaya wa raga ya wachezaji saba kila upande mwaka 2022, mbona hawakuonekana kwenye Olimpiki ya Paris 2024? Na wanaume wa Ireland walivishwa dhahabu Kraków mwaka 2023, je, huo ndio ubingwa wa Ulaya au ni kitu kingine? Waliotangulia kumjibu wamembandikia majedwali ya matokeo. Majedwali hayo ni sahihi, ila hayatamfaa mpaka ajue kila msimu ulikuwa umebeba nini.

Mimi nilicheza raga ya klabu Nairobi kabla ya kuhamia Heidelberg, mji ambao ndio kitovu cha raga ya Ujerumani. Huku kila kiangazi gumzo la klabuni ni lile lile: nani amepanda, nani ameshuka, na tiketi ngapi zimebaki, yaani nafasi za kufuzu mashindano makubwa. Kwa hiyo nitaeleza jinsi tunavyousoma msimu sisi tulio karibu nao.

Ubingwa wa Ulaya huandaliwa na shirikisho la bara, Rugby Europe, na huchezwa kwa duru. Siku hizi ngazi ya juu ina timu 12 na duru mbili, moja Juni na nyingine mwisho wa Juni au Julai. Mwaka 2022 zilichezwa Lisbon na Kraków, 2023 Algarve na Hamburg, 2024 Makarska kule Kroatia na Hamburg tena. Mshindi wa duru hupata alama 20, wa pili 18, na hivyo kwenda chini. Alama hujumlishwa na anayeongoza ndiye bingwa. Chini ya ngazi hiyo kuna Trophy, na chini ya Trophy kuna Conference, ambako utakuta mataifa ambayo hukujua kama yana timu ya raga. Wanaovuta mkia hushuka, wanaoongoza ngazi ya chini hupanda.

Zamani duru zilikuwa nyingi zaidi. Msimu wa 2018 zilikuwa nne: Moscow, Marcoussis, Exeter na Łódź. Huo ndio msimu ambao Ireland ya wanaume ilikuwa bingwa wa Ulaya kwa maana kamili ya neno, kwa hiyo mleta uzi asichanganye taji hilo na dhahabu ya Kraków. Nitafika huko.

Sasa tiketi. Katika miaka ya kawaida msimu wa Ulaya hubeba heshima, kupanda na kushuka, na nafasi ya kwenda kwenye michuano ya mchujo ya kuingia Msururu wa Dunia, mashindano ya kila mwaka ya timu bora za dunia. Lakini mwaka unaotangulia Olimpiki au Kombe la Dunia, mashindano yale yale huweza kugeuka kabisa. Timu zilizotuma vijana mwaka uliopita hutuma mashine zao zote. Zile ambazo tayari zina tiketi hazina presha, na wakati mwingine hazina hata haja ya kuwapo. Ukisoma matokeo bila kujua hilo utadhani timu fulani imeporomoka ghafla, kumbe haikuwa na la kutafuta.

Hata historia ya mwanzo inasomeka hivyo. Ubingwa ulipoanza 2002, fainali zilichezwa hapa hapa Heidelberg na Ureno ikashinda. Ikaendelea kushinda mpaka ikafikisha mataji manane kufikia 2011, Urusi pekee ikipenya katikati, 2007 na 2009. Wazee wa klabu yetu bado wanawasifu Wareno wale kwa mikono yao myepesi na subira ya kuzungusha mpira mpaka pengo lijitokeze. Walistahili kila taji. Lakini ni kweli pia kwamba mataifa makubwa wakati huo akili yao ilikuwa kwenye raga ya wachezaji 15. Ilipotangazwa mwaka 2009 kwamba raga ya saba itaingia Olimpiki ya Rio, pesa na makocha wakaanza kumiminika. Uingereza (England) ikatwaa taji 2012 na 2013, kisha ikafuata Ufaransa, na enzi ya Ureno ikakoma.

Msimu wa 2015 ndio mfano bora kwa anayetaka kuelewa. Duru zilikuwa tatu, Moscow, Lyon na Exeter, na kileleni kulikuwa na tiketi moja tu ya Rio. Uingereza haikuihitaji. Ilikuwa imemaliza ya nne kwenye Msururu wa Dunia, na nafasi hiyo iliipatia Great Britain tiketi moja kwa moja, yaani Uingereza, Scotland na Wales zikienda kama timu moja. Basi Ufaransa ikamaliza ya kwanza Ulaya, ikakata tiketi. Waliokosa wakapewa nafasi nyingine Lisbon, na huko zikapatikana timu nne za kwenda kwenye mchujo wa mwisho wa dunia, Monaco Juni 2016: Uhispania, Urusi, Ujerumani na Ireland. Timu 16, nafasi moja. Uhispania ikaichapa Samoa 22-19 kwenye fainali na kwenda Rio. Kwa hiyo bingwa wa Ulaya alifika Rio, na timu iliyoshindwa kuwa bingwa wa Ulaya nayo ikafika. Jedwali la Ulaya peke yake halikuambii hilo.

Niseme zaidi kuhusu Ireland, maana hadithi yao ndiyo inayoonyesha ngazi hizi zinavyofanya kazi. Walikuwa hawana timu ya taifa ya saba ya wanaume kwa miaka, na walipoamua kuifufua hawakupendelewa kwa sababu ya jina lao kwenye raga ya 15. Juni 2015 walianzia daraja la chini kabisa, Division C, Zenica kule Bosnia, dhidi ya mataifa ambayo kwa raga ya 15 wasingekutana nayo kamwe. Mwezi uliofuata walikuwa Lisbon, wakipigania Olimpiki. Kufikia 2017 walikuwa ngazi ya juu na wakajipatia nafasi ya Kombe la Dunia la San Francisco. 2018 wakawa mabingwa wa Ulaya. Aprili 2019 wakashinda mchujo wa Hong Kong kwa kuwalaza wenyeji 28-7 na kuingia Msururu wa Dunia. Juni 2021, Monaco, wakaipiku Ufaransa 28-19 na kwenda Olimpiki ya Tokyo. 2022 wakatwaa shaba ya Kombe la Dunia Cape Town kwa kuifunga Australia 19-14, baada ya kuwatoa Afrika Kusini nyumbani kwao kwenye robo-fainali. Mwaka huo huo Terry Kennedy akachaguliwa mchezaji bora wa dunia. Miaka saba kutoka Zenica. Mimi huwaambia vijana ninaosaidia kuwafundisha huku wasome safari hiyo hatua kwa hatua, maana hakuna ngazi waliyoruka.

Tuje Kraków. Michezo ya Ulaya ya 2023 si ubingwa wa Ulaya wa Rugby Europe. Ni mashindano ya michezo mingi, kama Olimpiki ya bara, na raga ya saba iliingizwa humo ikiwa na kazi moja kubwa: kutoa tiketi ya Paris kwa bingwa wa wanaume na bingwa wa wanawake. Msimu wa ubingwa wenyewe, ule wa Algarve na Hamburg, uliendelea kando. Ndiyo maana mleta uzi anaona majedwali mawili ya mwaka mmoja na kushindwa kuyaoanisha.

Nilisafiri kwenda kuona siku za mwisho kwenye uwanja wa Henryk Reyman. Ufaransa haikuwapo kwa wanaume wala wanawake, maana mwenyeji wa Olimpiki tayari ana nafasi. Wanawake wa Ireland nao hawakuwapo, kwa kuwa walikuwa wamefuzu kupitia Msururu wa Dunia. Mashindano ya wanawake kwa hiyo yakabaki na swali moja: je, kuna wa kuizuia Great Britain? Wenyeji waliamini yuko, na walikuwa na sababu. Poland walikuwa mabingwa wa Ulaya wa mwaka uliotangulia na walikuwa wamecheza Kombe la Dunia Cape Town kwa mara ya kwanza katika historia yao. Fainali ikaisha 33-0 kwa Great Britain. Mashabiki wa Poland waliimba mpaka kipenga cha mwisho, na nitasema wazi kwamba uwanja ule ulinifanya niipende timu ile zaidi ya matokeo yake.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Taji la 2022 lilikuwa la kweli, ila halikuwa na tiketi ya Paris ndani yake. Lilipatikana pia katika mwaka ambao Urusi, iliyokuwa imetawala Ulaya kwa wanawake kwa muda mrefu, ilikuwa imefungiwa, na mataifa yenye nafasi kwenye Msururu wa Dunia yalikuwa na ratiba nyingine vichwani. Tiketi ilikuwa Kraków, siku moja, mechi moja ya dakika 14, na siku hiyo Poland walikutana na wachezaji wanaolipwa kucheza saba mwaka mzima. Walipata nafasi nyingine kwenye mchujo wa mwisho wa Monaco 2024, ikawaponyoka. Anayesema hawakustahili kuitwa mabingwa anakosea. Anayeshangaa kwamba mabingwa wamekosa Olimpiki hajatazama tiketi ilikuwa wapi.

Kwa wanaume fainali ilikuwa Ireland dhidi ya Great Britain, na Ireland wakashinda 26-12. Kipigo hicho kilikuwa na mkia mrefu ambao Mkenya yeyote atauelewa. Great Britain wakasukumwa kwenye mchujo wa mwisho Monaco Juni 2024. Kwa kawaida hapo wangekuwa wanapewa nafasi kubwa. Lakini Septemba 2023, Harare, Shujaa, timu ya wanaume ya Kenya, walikuwa wameilaza Afrika Kusini 17-12 kwenye fainali ya Afrika na kuchukua tiketi ya bara letu, kwa hiyo Afrika Kusini nao wakajikuta Monaco. Fainali ikawa kati ya wawili hao: Afrika Kusini 14, Great Britain 5. Wanaume wa Great Britain, washindi wa fedha wa Rio 2016, wakaitazama Paris kwenye runinga, na Afrika Kusini wakarudi na shaba. Fainali ya Harare ilibadilisha hatima ya timu ya Ulaya. Nilipowaeleza hivyo wenzangu klabuni walibisha kwanza, kisha wakahesabu wenyewe wakakubali.

Na kwa kuwa niko Ujerumani, sina budi kusema kuhusu timu ya hapa, maana inaonewa na watu wanaotazama matokeo ya mwisho tu. Fainali ya mchujo wa Hong Kong 2017, Ujerumani ilifungwa na Uhispania 12-7. Fainali ya 2018 ikafungwa na Japani 19-14. Juni 2024 Madrid ilikuwa mechi moja tu kutoka kwenye Msururu wa Dunia, na aliyesimama mlangoni alikuwa Kenya, iliyoshushwa mwaka uliotangulia London baada ya kufungwa na Kanada 12-7. Shujaa wakashinda 33-15. Niliitazama mechi hiyo nikiwa Mkenya pekee katikati ya Wajerumani, baadhi yao wakiwa wamewafundisha wale vijana tangu utotoni. Nilishangilia kila trai ya Kenya kwa sauti, na baada ya kipenga nikakaa na wenzangu bila kusema neno kwa muda mrefu. Timu iliyofika mlangoni mara zote hizo si timu dhaifu. Imekosa mechi moja, ila kila mara ile iliyokuwa na tiketi.

Kwa mleta uzi na wengine wanaotaka kufuatilia msimu ujao wa Ulaya: anzeni kwa kujua nani tayari ana nafasi kwenye mashindano makubwa, kisha nani hana. Siku ya pili ya duru msisubiri fainali tu. Tazameni mechi za nafasi ya tisa mpaka ya 12, hasa duru ya mwisho. Hapo ndipo mtaona watu wakikaba kama vile mpira ni wa mwisho duniani, maana kushuka Trophy kunaweza kumaanisha ufadhili kukatwa na kambi kufungwa. Majina yenye kung'aa hayasaidii hapo. Nimeona timu zenye historia zikibanwa na mataifa ambayo raga yao nzima ni klabu chache.

Na Ireland ya wanaume msiitafute tena. Mei 2025 chama chao kilitangaza kuifunga programu ya saba ya wanaume na kuendelea na ya wanawake pekee. Walimaliza wa sita Paris, wakitolewa robo-fainali na Fiji kwa 19-15, alama nne tu. Mimi nauona uamuzi huo kuwa kosa kubwa, hata kama sababu iliyotolewa ni ya fedha. Timu iliyoanzia Zenica ikapanda kila ngazi ya Ulaya ilikuwa ushahidi wa pekee ambao mataifa madogo yangeweza kuwaonyesha mawaziri na wafadhili wao, na sasa watalazimika kueleza pia kwa nini ilifungwa.