Je, Vuguvugu la Tea Party Liliwakilisha Wamarekani wa Kawaida?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu vuguvugu la Tea Party la Marekani, lile la wahafidhina waliopinga kodi na serikali kubwa, na nimekwama kwenye sura ya takwimu. Kura ya maoni ya shirika la utafiti la Gallup ya mwishoni mwa Machi 2010 inaonyesha kwamba wafuasi wa vuguvugu hilo wanafanana kwa kiasi kikubwa na Wamarekani wengine. Kura ya gazeti la New York Times na shirika la CBS, iliyofanyika Aprili mwaka huohuo, inaonyesha kwamba ni watu wenye umri mkubwa zaidi, weupe zaidi, na wenye kipato na elimu ya juu kuliko wastani. Niiamini ipi? Je, ninaweza kuandika kwamba vuguvugu hili la mashinani liliwakilisha Wamarekani wa kawaida, au wanaodai kwamba lilitengenezwa na matajiri ndio wenye ukweli? *(Mwanafunzi, Dodoma)*

Jibu: Marahaba. Ziamini zote mbili, ila sentensi uliyokusudia kuiandika usiiandike kama ilivyo, kwa sababu kura hizo hazikupima kundi moja la watu.

Gallup iliwapa wahojiwa nafasi tatu: kujitaja kuwa waungaji mkono, wapinzani, au wasio upande wowote. Asilimia 28 walisema wanaunga mkono na asilimia 26 walisema wanapinga. Miongoni mwa waliounga mkono, asilimia 79 walikuwa weupe wasio na asili ya Amerika ya Kilatini, ilhali katika watu wazima wote wa nchi kiwango hicho kilikuwa asilimia 75. Umri wao, elimu yao na hali yao ya ajira havikuachana sana na vya raia wengine. Ndiyo maana Gallup ilihitimisha kwamba kwa sifa hizo za kijamii walikuwa karibu na wastani wa taifa. Hata hivyo, ripoti hiyohiyo ina jambo ambalo wanaoinukuu huliruka mara nyingi: kisiasa hawakufanana na wastani hata kidogo. Asilimia 70 walijiita wahafidhina, wakati kwa taifa zima kiwango kilikuwa takriban asilimia 40, na karibu nusu yao walikuwa wa chama cha Republican.

Kura ya New York Times na CBS ilipata waungaji mkono asilimia 18 tu. Kati yao asilimia 89 walikuwa weupe, asilimia 59 wanaume, na robo tatu walikuwa na umri wa miaka 45 au zaidi. Tofauti ya alama kumi kati ya 28 na 18 ni kubwa mno kuelezwa na makosa ya sampuli peke yake, ambayo katika kura za aina hii huwa alama tatu au nne kila upande. Maelezo yanayobaki ni namna swali lilivyoulizwa, mahali lilipokaa katika dodoso, na majibu ambayo mhojiwa alipewa achague. Duara likichorwa pana, linawaingiza watu wenye uungaji mkono hafifu, ambao kwa kawaida wanafanana na jirani zao. Likichorwa dogo, wanabaki wenye msimamo mkali zaidi, na hapo ndipo sifa za umri, rangi na kipato zinapojitokeza waziwazi. Kwa maoni yangu hilo linaeleza sehemu kubwa ya tofauti unayoiona.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa uifanye mwenyewe kabla ya kuinukuu kura ya Aprili. Iliwahoji watu wazima 1,580, na kati yao 881 walikuwa waungaji mkono wa Tea Party. Ukigawa 881 kwa 1,580 utapata zaidi ya asilimia 55, na nimewaona watu makini wakiiandika asilimia hiyo kana kwamba ndiyo matokeo. Sivyo. Watafiti waliongeza kwa makusudi idadi ya waungaji mkono katika sampuli, kisha wakati wa kukokotoa wakawapunguzia uzito hadi kufikia sehemu yao halisi katika jamii, ambayo ni asilimia 18. Sababu yao ilikuwa nzuri. Sampuli ya kawaida ya watu 1,580 ingewapatia waungaji mkono wasiofika 300, na kwa idadi hiyo kiwango cha makosa kinakaribia alama sita kila upande. Kwa watu 881 kinashuka hadi alama tatu hivi. Bila hatua hiyo, tusingeweza kusema kwa uhakika wa kuridhisha ni wangapi kati yao ni wanaume au wana umri gani.

Ndani ya asilimia 18 hiyo limo kundi dogo zaidi, nalo ndilo linalostahili kuitwa vuguvugu lenyewe. Ni takriban mmoja kati ya watano wa waungaji mkono hao aliyekuwa amechanga fedha au amehudhuria mkutano, yaani asilimia 4 ya watu wazima wote. Picha za televisheni tulizoziona huku kwetu, za umati wenye mabango mbele ya Bunge mjini Washington tarehe 12 Septemba 2009, zilitoka kwa kundi hili. Kwa hiyo unapoandika “Tea Party”, msomaji wako anapaswa kujua kama unazungumzia asilimia 28, 18 au 4, maana sifa za watu hubadilika kadiri duara linavyopungua.

Sasa suala la mashinani na matajiri. Hapa ushahidi haumpi ushindi kamili yeyote kati ya wanaobishana. Chanzo cha jina kinafahamika: mnamo 16 Desemba 1773 wakoloni wa Boston walitosa baharini masanduku 342 ya chai wakipinga kodi ya Uingereza. Tarehe 19 Februari 2009 mtangazaji Rick Santelli wa CNBC, televisheni ya habari za biashara, akiwa katika soko la mitaji la Chicago, alilaani mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye mikopo ya nyumba na akatoa wito wa kuandaa “tea party” nyingine. Ilipofika 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi ya mapato, mikutano ilifanyika katika miji mingi. Mashirika makubwa ya kihafidhina yaliyofadhiliwa na matajiri, kama FreedomWorks na Americans for Prosperity yalitoa mafunzo, fedha na mipango, na kituo cha Fox News kiliitangaza kwa bidii. Hayo ni kweli. Ila mwaka 2010 gazeti la Washington Post lilipojaribu kuvifikia vikundi vyenyewe kimoja baada ya kingine, liliweza kuzungumza na vikundi 647, vingi vikiwa na wanachama wachache wanaokutana mtaani kwao, na vilivyo vingi havikuwa vimefanya kampeni yoyote ya uchaguzi mwaka ule. Theda Skocpol na Vanessa Williamson wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliohudhuria mikutano ya vikundi hivyo na kuwahoji wanachama, nao waliwakuta watu halisi, wengi wao wa makamo na wazee, waliojipanga kwa hiari yao. Kumwita mama mstaafu anayepanga viti ukumbini kibaraka wa tajiri ni kumkosea haki, na kusema kwamba fedha za tajiri hazikubadilisha chochote ni kukataa ushahidi.

Kuna upande mwingine ambao tasnifu nyingi huusahau: mtu anaweza kufanana na wenzake kwa sura asifanane nao kwa maoni, au kinyume chake. Katika kura ileile ya Aprili, zaidi ya waungaji mkono tisa kati ya kumi walitaka serikali ndogo yenye huduma chache, ilhali kwa umma wote waliotaka hivyo walikuwa takriban nusu. Hapo wako mbali na wastani. Lakini wengi wao, asilimia 62, walisema mafao ya uzeeni ya Social Security na bima ya afya ya wazee ya Medicare yanastahili gharama zake, na zaidi kidogo ya nusu walisema kodi ya mapato waliyolipa mwaka ule ilikuwa ya haki. Hapo hawako mbali sana na jirani zao. Ningekushauri uipe sehemu hii kurasa za kutosha, kwa sababu inaonyesha kwamba mabango ya maandamano hayatoshi kutueleza maoni ya waandamanaji.

Utauliza, kama walikuwa wachache, mbona waliitikisa nchi? Tazama jimbo dogo la Delaware, lenye watu wasiofika laki tisa kwa sensa ya 2010. Mnamo Septemba mwaka ule Christine O'Donnell, aliyeungwa mkono na Tea Party, alimshinda Mike Castle, mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa gavana, katika kura za mchujo za Republican za kiti cha Seneti. Kura za mchujo za jimbo hilo hupigwa na waliojiandikisha katika chama husika tu, na O'Donnell alihitaji kura elfu 30 hivi kushinda. Mwezi Novemba, wapiga kura wote walipopata nafasi, alishindwa na Chris Coons wa chama cha Democratic kwa takriban asilimia 57 dhidi ya 40. Huko Utah, seneta Bob Bennett aling'olewa mwezi Mei na mkutano wa wajumbe wa chama wapatao 3,500, kabla wananchi wengine hawajaulizwa lolote. Kundi dogo lenye ari linakuwa na nguvu kubwa mahali ambapo wanaojitokeza ni wachache. Usisahau pia kwamba katika uchaguzi wa 2010, ambao Republican walijiongezea viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, wenye haki ya kupiga kura waliojitokeza walikuwa karibu wanne tu kati ya kumi. Ukisoma kwamba takriban asilimia 40 ya waliohojiwa wakitoka vituoni waliunga mkono Tea Party, kumbuka kwamba hao ni wapiga kura wa siku ile. Si raia wote.

Tafadhali usilifanye neno “hawawakilishi” kuwa hukumu dhidi yao. Mwaka 1963, siku chache kabla ya Martin Luther King na wenzake kuandamana Washington tarehe 28 Agosti, Gallup ilikuta kwamba kati ya Wamarekani waliokuwa wamesikia habari za maandamano hayo, asilimia 23 tu waliyaunga mkono na asilimia 60 waliyapinga. Kipimo cha uwakilishi hakituambii kama madai ni ya haki, na mtahini akiona umevichanganya viwili hivyo atakuwa na sababu ya kukukata alama.

Jambo la mwisho ni wakati. Takwimu zote nilizojadili kuhusu Tea Party ni za mwaka 2010, vuguvugu lilipokuwa kileleni. Mnamo Oktoba 2013 shughuli za serikali kuu zilifungwa kwa siku 16 katika mvutano ambao wabunge wa mrengo huo, akiwemo seneta Ted Cruz, walikuwa mstari wa mbele, na kufikia Oktoba 2015 waliojiita waungaji mkono katika kura ya Gallup walikuwa asilimia 17. Kwa hiyo katika jedwali lako weka safu ya tarehe na safu yenye maneno kamili ya swali kando ya kila asilimia, kisha andika sentensi yako upya ukitaja ni kundi lipi, mwaka gani, na linafanana na Wamarekani wengine kwa jambo lipi.