Kabla ya Kuamini Kipimo cha Shingo, Chunguza Utafiti Wake

Katika chumba cha fiziotherapia ninamofanyia kazi hapa Mombasa, wengi wanaofika na maumivu ya shingo yanayoteremka hadi mkononi ni wapagazi wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk na mafundi cherehani. Picha ya MRI ni ghali mno kwa wengi wao, kwa hiyo tunategemea vipimo vya mikono, kama kile cha Spurling, ambapo shingo huinamishwa upande unaouma na kichwa kubonyezwa kuelekea chini. Nawashauri wenzangu, hasa vijana wanaoanza kazi, wasikariri asilimia za usahihi wa vipimo hivi kabla ya kuchunguza zilivyopatikana.

Mimi huanza na namna wagonjwa walivyoteuliwa. Watafiti wakiwalinganisha watu ambao tayari wanajulikana kuwa na mzizi wa neva (sehemu ya neva inapochomoka kwenye uti wa mgongo) uliobanwa na watu wenye afya kamili, kipimo chochote kitang'aa. Anayetutatiza kliniki, hata hivyo, ni mgonjwa ambaye huenda ana tatizo la bega au misuli iliyokaza, na dalili zake zinafanana na za neva.

Kisha naangalia kipimo rejea, yaani kile kilichotumiwa kuamua nani mgonjwa kweli. Hapa ndipo tafiti nyingi hulegea. Mwaka 2015, watafiti wa Japani waliripoti picha za MRI za watu 1,211 wasio na dalili zozote za shingo, na asilimia 87.6 kati yao walikutwa na diski zilizochomoza. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuwa hakimu. Aidha, anayesoma picha hapaswi kujua matokeo ya kipimo cha mikono, na washiriki wote wanapaswa kupitia kipimo rejea, kwani wakipelekwa wale tu ambao kipimo cha mikono kilikuwa chanya kwao, wagonjwa ambao kipimo hicho hakikuwagundua hawatahesabiwa kamwe na unyeti wake, yaani uwezo wake wa kuwanasa walio wagonjwa kweli, utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Utafiti wa Wainner na wenzake wa mwaka 2003, uliochunguza vipimo vya mikono vya mzizi wa neva wa shingo, unafaa kusomwa kwa utulivu. Uliunganisha vipimo vinne, na vyote vinne vikiwa chanya uwiano wa uwezekano (matokeo hayo hutokea mara ngapi zaidi kwa wenye ugonjwa kuliko wasio nao) ulikuwa 30.3, tarakimu ambayo husifiwa sana. Lakini washiriki walikuwa 82, na waliothibitishwa kwa uchunguzi wa umeme wa neva na misuli walikuwa 19 tu, ndiyo maana wigo wa makisio, yaani mipaka ambamo thamani halisi huenda imo, unaanzia 1.7 na kufika 538.2. Makisio mapana kiasi hicho hayanipi ujasiri wa kumwambia mgonjwa kwamba neva yake hakika imebanwa. Kinachonisaidia zaidi katika utafiti huo ni kipimo cha kuivuta neva ya mkono, ambacho unyeti wake ulikuwa 0.97: kikiwa hasi, shaka yangu juu ya mzizi wa neva hupungua sana.

Kwa anayetaka mwongozo rasmi, QUADAS-2 ya mwaka 2011, zana ya kutathmini ubora wa tafiti za usahihi wa vipimo, hupanga maswali haya katika maeneo manne: uteuzi wa wagonjwa, kipimo kinachochunguzwa, kipimo rejea, na mtiririko na muda. Majibu yake yasijumlishwe kuwa alama moja, kwa sababu utafiti uliokosea katika kipimo rejea hauokolewi na uteuzi mzuri wa wagonjwa.