Apdeti usizizime, zicheleweshe

Ndugu yangu, unauliza kama uzime kabisa apdeti za Windows kwa kuwa ya juzi imegomesha printa ya steshenari yako Kariakoo. Una haki ya kukasirika. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo la Windows 10 lililokuwa likifuta mafaili ya watu!

Ila usizime. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia Mei 2017, kiliangusha kompyuta zilizokosa apdeti iliyotoka Machi mwaka huohuo, na wewe unapokea flashi za kila mteja. Sitisha wiki chache tu kwenye mipangilio, kasoro zijulikane kwanza.

Leo nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje, kisha ondoa hiyo ya juzi kupitia historia ya apdeti. Printa ikiendelea kugoma, pakua draiva (programu inayounganisha printa na kompyuta) kwenye tovuti ya mtengenezaji wake.