Nina miaka 47, niache mpira wa maveterani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, nina miaka 47, na kila Jumamosi asubuhi nacheza na maveterani wenzangu, namba saba, yaani winga wa kulia, tangu ujanani. Wiki tatu zilizopita kwenye ile baridi ya Julai nilichelewa nikavaa njumu nikaingia hivyohivyo, mpira wa kwanza tu naukimbilia nikasikia paa nyuma ya mguu, kama mtu kanipiga jiwe, nageuka hakuna mtu. Jamaa wakanichua na dawa ya moto, usiku mguu ukavimba. Sasa hivi natembea ila nachechemea. Mke wangu anasema umri umeenda, nikae niangalie mechi kwenye TV. Niache kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mpira usiache, ila usikanyage uwanja mpaka daktari auone huo mguu, maana hilo la jiwe limenishtua. Watu waliokatika kano ya kisigino, ule mshipa mgumu unaoshika kigimbi na kisigino, ndivyo wanavyosimulia, na balaa lake ni kwamba unaweza kutembea nayo ukadhani umeteguka tu. Inawezekana pia ni kigimbi kimechanika. Leo jioni lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, umwambie shemeji aminye kigimbi cha mguu usioumwa, utaona unyayo unajisogeza wenyewe. Aminye na cha mguu unaouma. Unyayo usiposogea, kesho asubuhi uwe hospitali, na hata unyayo ukisogea bado nenda, wiki tatu za kuchechemea ni nyingi.

Na hiyo ya kuchua na dawa ya moto naomba maveterani wote wanisikie, siku mbili za kwanza damu bado inavuja huko ndani, ukisugua unaongeza uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 15 hadi 20, funga bandeji, pandisha mguu juu ya mto.

Sasa umri. Ni kweli misuli inaanza kupungua tangu kwenye thelathini na kano zinakuwa ngumu, lakini kinachotuumiza zaidi ni kukaa wiki nzima kwenye kiti halafu Jumamosi tunataka kukimbia kama wa miaka 20, tena kwenye baridi ya huku kwetu ambapo mwili unachelewa kupata moto. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Hiyo Jumamosi yako peke yake haifiki.

Daktari akikuruhusu, fanya hivi. Chai ikiwa jikoni simama kwenye ngazi ya mlangoni kwa vidole, visigino vikiwa hewani, panda taratibu, shuka taratibu zaidi, ukizoea fanya mguu mmojammoja. Mimi nilipoanza nilifika nane tu mguu ukaanza kutetemeka, nikaendelea mpaka nikafika ishirini na tano, ikachukua miezi. Na siku ya mechi fika mapema upashe mwili moto robo saa nzima na tracksuti yako mwilini, ukichelewa kaa benchi, usione haya.

Presha umepima lini? Miaka yetu hii usicheze bila kujua, na siku kifua kikibana au kizunguzungu kikija katikati ya mechi toka hapohapo uende hospitali, usisubiri filimbi. Ukiwa na homa pia usicheze.

Halafu hiyo namba saba waachie vijana wa arobaini, wewe rudi nyuma ucheze beki wa kati ambako mbio za ghafla ni chache. Na mwanzoni ingia dakika kumi na tano za mwisho tu, kwani Roger Milla wa Kameruni kwenye Kombe la Dunia kule Marekani mwaka 1994 si aliingia kipindi cha pili akafunga, akiwa na miaka 42.