Uliza Shangazi: Likizo, Bamvua na Kasa wa Elfu Moja

Jamani barua zimejaa. Toleo lililopita nlisema tu kwa mstari mmoja kwamba ratiba za matembezi ya msituni na baharini huku Malindi na Watamu zishaanza kubandikwa, basi simu yangu haikulala. Zile zinazofanana nimeziweka pamoja, na wale walioniuliza bei kamili sitawajibu, bei hubadilika, angalia mwenyewe kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kabla hujatoka nyumbani.

Shikamoo Shangazi. Mwaka jana mwezi wa nane niliwalipia wanangu wawili programu ya likizo, kupanda boti kwenda kuona samaki na matumbawe. Tukatoka saa tatu, bahari imechafuka, mmoja akatapika kabla hatujafika, mwengine akachungulia chini akaona maji kama uji. Nilipoomba nirudishiwe hata nusu nikaambiwa bahari haina mwenyewe. Sasa wananililia tena. Niwapeleke ama niwanunulie baiskeli? *Mama wa Wawili, Muyeye*

Marahaba mamangu, pole sana. Baiskeli wanunulie, lakini hilo ni jambo jengine.

Tatizo lako halikuwa boti wala watoto, tatizo ni mwezi. Agosti ni kusi, na kusi ni kusi hata uandikiwe "programu maalum ya watoto" kwa rangi tano. Upepo unapiga kutoka kusini siku nzima, mawimbi yanavunjika juu ya mwamba, mchanga unapanda, mwani unajaa ufukweni, hata nahodha mzuri hana la kufanya. Nyanya zetu walikuwa wakijua, majahazi yalikuwa yakipangiwa safari kwa pepo sio kwa likizo za shule. Hifadhi ya bahari ya Malindi na ile ya Watamu zilitengwa mwaka 1968, za mwanzo Kenya nzima, watu wanapanda ndege kuja kuziona halafu sie tulio na matatu ya dakika kumi tunaenda mwezi mbaya.

Ya boti ingojee kaskazi, yaani kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, maji yanatulia na unaona mpaka chini. Lakini hapo pia kuna mtego, na huu wengi hawaambiwi. Kaskazi ndio inasukuma tope la mto Sabaki kuja upande wetu wa mji. Mvua ikipiga bara vizuri, Sabaki inashuka nyekundu, na Disemba yote bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Basi kabla hujalipa nenda tu ufukweni uangalie kwa macho yako, ukiona nyekundu panda gari uende Watamu, kule tope kwa kawaida halifiki sana.

Na Agosti usikae ndani. Mdomo wa Sabaki wakati wa kusi kuna ndege wadogo wa kahawia, mabawa marefu, wanaokuja kutoka Madagaska kupisha baridi ya kwao, wanakaa pale mpaka kama Septemba halafu wanarudi kuzaa. Watoto wakiambiwa huyu ndege mdogo kavuka bahari kutoka Madagaska wanatoa macho, nimeona kwa wa dadangu. Pia wapeleke Gede, magofu yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, na pale pale kuna mradi wa Kipepeo wa tangu 1993, wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi wa vipepeo wanauza pupa zao, yaani kiwavi akishajifunga kabla hajawa kipepeo, nchi za nje. Nyangumi nao wanapita Julai mpaka Septemba ila ile boti inatoka nje kabisa ya mwamba, kwa mtoto aliyetapika kabla ya kufika, mamangu, we acha tu.

Shangazi habari. Mimi ni mwalimu, nlipeleka wanafunzi 32 Mida Creek, ile hori yenye mikoko karibu na Watamu, kuangalia ndege wanaotoka Ulaya. Tulifika saa tano asubuhi, tukapita daraja la mbao mpaka mwisho, tukaona tope. Tope tu, na vidoadoa mbali kule kama pilipili manga. Wanafunzi wakanicheka mpaka leo. Ndege walikuwa wapi? *Mwalimu, Kakuyuni*

Mwalimu, ndege walikuwa pale pale, ndio zile pilipili manga zako.

Niambie kwanza, ilikuwa tarehe ngapi ya mwezi? Sio wa kalenda ya ofisini, mwezi wa juu. Maana kama ilikuwa mwezi mwandamo ama mwezi mpevu, tarehe moja ama kumi na tano za Kiislamu na siku mbili tatu baada yake, hiyo ni bamvua, siku za maji kupwa sana na kujaa sana, na bamvua huku kwetu maji hukauka mida ya saa nne saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Yaani ulifika wakati maji yametoroka kabisa, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne, basi ndege wote wamefuata ukingo wa maji huko mbali kutafuta kaa na minyoo. Hawana haja na daraja lako.

Siku ya bamvua fika saa nane mchana ukae kimya. Maji yakianza kupanda yanawasukuma polepole kuja kwenu, hatua kwa hatua, kila baada ya dakika chache wanaruka wanatua karibu zaidi, mpaka saa tisa na nusu hivi unamwona sululu na ule mdomo wake uliopinda anautia wote topeni mpaka macho, anavuta kaa, anamtikisa mpaka miguu ya kaa inakatika, ndio anameza. Huhitaji hata darubini. Kuna na wale weupe wenye mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kunguru, miguu ya buluu, kazi yao ni kaa tu. Hao ndio watu wanafunga safari kutoka mbali kuja kuwaona Mida, maana wanataga kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni halafu wanakuja kwetu kwa mamia. Nenda kati ya Oktoba na Aprili mapema, usipeleke watu Juni ukategemea miujiza. Tena ukichelewa chelewa pale mpaka jua linazama, msimu huo huo, keremkerem wekundu wanakuja kulala kwenye mikoko, angani kunakuwa kama mtu kamwaga ubuyu.

Siku za maji mafu, nusu mwezi, mambo yanageuka, maji yanajaa asubuhi saa nne saa tano ila hayapandi sana kwa hiyo ndege hawasogezwi sana. Sio mbaya, ila ukiwa na wanafunzi 32 wa kucheka, ngojea bamvua. Na Mida huwa inachelewa kidogo kuliko bahari ya nje kwa sababu maji yanapita mlango mwembamba.

Mie mwenyewe sijifanyi mjuzi. Mwaka mmoja nliwabeba wageni wa Mombasa, nikajigamba njia nzima, tukafika maji makavu, nikakaa kwenye daraja nauza maneno masaa manne. Tangu siku hiyo ratiba ya programu yoyote nikiona imeandikwa tarehe na bei lakini haikuandikwa maji, naipigia simu kwanza. Wakikwambia "maji haidhuru", tafuta wengine.

Kitu kimoja cha kuwaambia wanafunzi wako, ile pesa ya kiingilio cha daraja inachangia karo za sekondari kwa watoto wa kando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa ASSETS ulioanza 2001 chini ya shirika la mazingira la A Rocha Kenya. Pengine darasani mwako kuna anayesomeshwa na kaa wa sululu.

Hi Shangazi, niko form two. Klabu yetu ya shule imealikwa matembezi ya usiku Arabuko-Sokoke likizo ya Aprili, kumtafuta bundi mdogo. Nyanyangu amekataa kabisa, anasema bundi hatafutwi, ukimtafuta anakutafuta. Pia mimi naogopa ndovu. Nifanyeje? *Mwanafunzi, Gede*

Nyanya usibishane nae, mpe salamu zangu. Ukipata nafasi mwambie huyu bundi sio yule wa kukaa juu ya paa akaita jina la mtu. Huyu ni kadogo, kama sentimita 16, mkono wako unamzidi, alijulikana kwa wataalamu 1965 tu na anakaa ndani kule kwenye udongo mwekundu na miti iliyofungana, hana habari na paa la mtu. Wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wa rangi ya kutu, ndio maana mtembezaji anaweza kusimama anaelekeza tochi na wewe bado unauliza wapi, wapi.

Ndovu wapo kweli, kwa hiyo hakuna kwenda bila mtembezaji wa msitu aliyesajiliwa, na mwalimu awe na majina ya wote. Akisema simama, simama, hata kama mwenzako yuko katikati ya kupiga selfi. Aprili ni masika, njia ni tope na mbu ni wengi, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga, kandambili zibaki nyumbani.

Ila ukiniuliza mie, nyanya akikataa kabisa ya usiku, omba ya alfajiri. Alfajiri utamuona sengi, mnyama wa nusu kilo hivi mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, hakika ndio hivyo alivyo, na msitu huu ndio kwao kuliko pengine popote duniani. Utamsikia kabla ya kumwona. Majani makavu yanalia, kra kra kra, kimya, tena kra kra, unadhani kuku wa mtu kapotea. Anafukua kwa pua na kucha anatafuta wadudu, na mara nyingi kuna ndege mdogo anamfuata nyuma kuokota mabaki. Ukikohoa, hayupo.

Shangazi, nimetumiwa meseji kwa WhatsApp: "Vifaranga vya kasa vinatoka leo saa kumi na mbili na nusu kamili, elfu moja kwa mtu, picha ruhusa." Ni kweli ama ni wezi? *Kijana wa Shela, Malindi*

Hiyo "kamili" ndio iliyoniambia. Kasa hana saa.

Kiota kina mayai mia na zaidi, na kinachukua kama siku 45 mpaka 70 kutegemea joto la mchanga, tena joto hilo hilo ndio linaloamua watakuwa wake ama waume, mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka wake. Wanaochunga viota wanaandika siku ya kutaga, kwa hiyo wanaweza kukwambia "wiki hii, njoo ukae", lakini saa hawana. Mie nlikesha usiku wa kwanza, nikakesha wa pili, wa tatu nikasema mie naenda kupika wali, nikapigiwa simu sufuria iko jikoni kwamba wametoka wote na bahari ishawachukua.

Mtu akikupa dakika kamili, uliza wale kasa wako wapi sasa hivi. Kama wako kwenye beseni wanangojea wateja, ondoka upige simu KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013 na vifaranga vikikaa kwenye beseni vinamaliza nguvu za kuogelea kabla havijafika majini. Programu ya kweli hukuambia usimame nyuma, usibebe mkononi, na tochi ya simu uzime, kwa sababu kifaranga anafuata mwanga, usiku wa kawaida mwanga ni bahari na wewe ukiwasha simu mwanga ni wewe. Picha ruhusa! Hata haya hawana.

Shangazi kundi letu la kina mama tulipanda mikoko mia nne siku ya mazingira, tukapigwa picha, baada ya miezi mitano imebaki kumi na moja. Tulikosea wapi? *Mwenyekiti, kando ya Mida*

Miti ya mikokoni ni aina nyingi, na kila mmoja una mahali pake. Nyie mlipanda ule mkoko wenyewe kwenye tope la wazi huko mbele, sivyo? Pale ni pa mlilana. Mkoko wenyewe unataka nyuma kidogo, mkandaa na mchu wanakaa juu zaidi kuelekea nchi kavu. Mahali pengine usipande chochote kabisa, fungua tu njia ya maji kama imezibwa, mbegu zitakuja zenyewe na bamvua. Muulizeni mzee yeyote aliyekuwa akikata boriti, anajua kila mti ulikuwa unasimama wapi.

Mwanangu, haya matembezi ni ya wazungu ama hata sisi wazee wa Mambrui tunaruhusiwa? *Mzee, Mambrui*

Shikamoo babu. Mnaruhusiwa, na mwenyeji kwenye hifadhi za KWS analipa kidogo kuliko mgeni, nenda na kitambulisho. Ila babu kwa maji na pepo unavyovijua wewe, nadhani wao ndio wangekulipa.

Dada wa Lamu aliyeniandikia kuhusu "nyuni" wanaolala Manda, barua yako ndefu nimeipata, nitaijibu toleo lijalo, na huku kwetu tunasema ndege.