Nusu Saa Kabla ya Magharibi

Harusi ya kwanza niliyoachiwa kuipiga picha peke yangu hapa Dar es Salaam ilikuwa na ratiba nzuri sana kwenye karatasi. Ibada ilitakiwa kumalizika saa tisa alasiri, ikamalizika saa kumi na robo. Picha za ukoo mlangoni pa kanisa zikala dakika arobaini, kwa kuwa kila kundi likishapangwa alikuwa akikumbukwa mjomba aliyekwenda kuegesha gari. Kisha msafara ukaanza kutambaa kwenye foleni nyuma ya matarumbeta. Tulipofika ufukweni, giza lilikuwa limekwisha ingia. Nilirudi nyumbani na picha nne tu za maharusi wakiwa wawili peke yao, zote za flashi, nyuso zikimetameta kwa jasho, na baada ya wiki mbili bibi harusi aliniuliza kwa upole kama hizo ndizo zote.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuzungumza bei, huomba kwanza nusu saa ya maharusi wawili kabla jua halijazama. Simwombi bwana harusi, kwa maana siku hiyo hana mamlaka hata juu ya saa yake mwenyewe. Humwomba mwenyekiti wa kamati, mbele ya mshereheshaji na wasimamizi, na hukaa mpaka nione imeandikwa kwenye ratiba. Ninakushauri uhudhurie angalau kikao kimoja cha kamati hata kama hakuna posho, kwa kuwa hapo ndipo utakapomjua shangazi anayeufahamu ukoo mzima. Mpe mama huyo orodha fupi ya makundi ya kupigwa picha, naye atayapanga kwa robo saa, kazi ambayo wewe ungeifanya kwa saa nzima na kuishia kulaumiwa.

Hesabu ya muda ianzie mwisho. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na likishazama giza huingia haraka. Mimi hutaka maharusi wawe wameshuka garini saa kumi na moja na nusu, maana yake ni kwamba wakiwa wameoana katikati ya mji na eneo la picha liko Oysterbay, msafara uondoke kanisani si baada ya saa kumi na nusu, na siku ya Ijumaa mapema zaidi.

Wapo maharusi wanaokuja na picha waliyoiona mtandaoni na kutaka jua lizame baharini nyuma yao. Inabidi kuwaeleza mapema kwamba pwani yetu inatazama mashariki: jua hutoka baharini na kuzama nyuma ya nyumba. Picha hiyo wanaweza kuipata Forodhani, Unguja, lakini si Coco Beach. Binafsi sioni hasara yoyote, kwa sababu ukiwasimamisha maharusi wakiipa bahari mgongo jioni, mwanga laini wa magharibi huwaangukia usoni wenyewe bila kuhitaji taa, na kama unawachoma macho unawageuza upande kidogo.

Jambo linaloharibu picha nyingi kuliko jua ni gauni. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, hivyo kikikutana na gauni jeupe lililojaa fremu hupunguza mwanga, na nyuso nyeusi za wenye harusi huzama. Pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Kisha kagua kama tarizi za gauni bado zinaonekana. Zikiwa zimepotea, usipunguze mwanga, bali wasogeze maharusi kwenye kivuli cha mti, ambako tofauti kati ya weupe wa gauni na weusi wa uso hupungua. Piga kwa muundo wa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili upate nafasi ya kusahihisha baadaye.

Na tafadhali, usisafiri na kamera kwenye gari lenye kiyoyozi ukashuka nayo mkononi. Joto la unyevunyevu la pwani likikutana na lenzi iliyopoa, kioo kinafunga ukungu, na ukifuta kinafunga tena. Nimewahi kupoteza dakika kumi za thamani namna hiyo huku mpambe akinitazama kama mwizi. Siku hizi begi langu hukaa kwenye buti.

Tukishafika, huomba wote wabaki kwenye magari isipokuwa msimamizi wa bibi harusi, ambaye hubeba maji, kitambaa cha kufutia jasho na mkia wa gauni. Siwapangi maharusi sana. Huwaambia watembee polepole kuelekea kwangu wakizungumza, na baada ya hapo husingizia kwamba ninabadilisha betri, narudi nyuma hatua kama kumi na lenzi ya milimita 85, na hapo ndipo wanaposahau mabega waliyokuwa wameyakaza tangu asubuhi.

Harusi nyingi za Kiislamu hazina nusu saa hiyo, wala si haki kuilazimisha. Ndoa hufungwa msikitini, kisha bwana harusi hupelekwa kumpa mkono bibi harusi ndani, na picha zao wawili hupigwa chumbani kwa dakika chache, mara nyingi kwa sharti kwamba zisitoke nje ya familia. Dirisha moja lenye pazia jepesi hutosha kwa mwanga, ila swali la kwanza ni nani anayeruhusiwa kuingia. Mara nyingi si mimi. Sehemu hiyo humkabidhi mwenzangu wa kike pamoja na kadi mpya ya kumbukumbu, na kazi ikiisha kadi hiyo hubaki mikononi mwake hadi mama wa bibi harusi aseme nini kichapishwe.