Jibu: Kujua pomadi imeingia kiasi gani bila kuchoma sindano

Dada, uliuliza kama kuna njia ya kupima dawa ya kupaka imepenya ngozi kiasi gani bila kutoa damu. Njia zipo. Kongwe haihitaji hata mashine: mwaka 1962 watafiti McKenzie na Stoughton walipaka mkononi dawa za jamii ya kortizoni, zile za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, wakaangalia weupe unaotokea, maana dawa hizo hubana mishipa midogo ya damu. Weupe mwingi, nguvu nyingi. Ubaya wake, kwa ngozi nyeusi kama zetu weupe huo ni shida kuuona, na kwa dawa zisizobana mishipa haufai kitu.

Siku hizi maabara za utafiti zinatumia mwanga wa leza, kwa njia iitwayo Raman. Kila molekuli huurudisha mwanga kwa namna yake, kwa hiyo mtafiti anasoma dawa iko wapi, mikromita kwa mikromita (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tabaka la juu kabisa, lenye mikromita 10 hadi 20 hivi mkononi, ndilo mlango wenyewe. Lakini leza haikuambii ni kiasi gani kimefika kwenye damu. Hapo sindano bado inatakiwa.

Usitafute mashine hiyo kituo cha afya hapa Bukavu. Kama ni mtoto, angalia mahali unapompaka: usoni dawa hupenya kuliko mkononi, na nepi ikiifunika hupenya zaidi. Pomadi yenye klobetasoli (kortizoni kali sana), zile watu wanang'arishia ngozi, usimpake kabisa bila muganga kukuandikia.